Mlinganyo Usimame Wapi?

Mswada wa kitabu cha aljebra umefika kwa mpangaji chapa, na kila sura ina desturi yake. Katika sura ya kwanza milinganyo imekaa katikati ya ukurasa. Katika sura ya pili imeegemea kushoto, ikiingia ndani kidogo. Katika sura ya tatu imebana ukingoni kabisa, sambamba na herufi za kwanza za mistari ya aya. Na hapa na pale hatua za hesabu moja zimesukumwa kwa nafasi tupu, moja baada ya nyingine, mpaka alama za sawasawa zikakaribia kulingana, zikakaribia tu. Mwandishi ni mwalimu mstaafu wa hisabati na anataka kila kitu kiende kushoto. Mpangaji ni kijana aliyeijua LaTeX chuoni alipokuwa akiandika tasnifu, naye anataka kila kitu kikae katikati, jinsi programu inavyokitoa yenyewe. Mhariri anataka kitabu kitoke.

Watu hawa nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga; huzuka kila mara mtu wa hesabu na mtu wa chapa wanapokaa meza moja. Upande wangu sitauficha: niko na Mwalimu, ingawa baadhi ya sababu zake sizikubali, na kuna mahali kijana anasema kweli tupu.

MPANGAJI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unataka kuzirudisha hesabu zangu katikati.

MPANGAJI: Nataka zikae zinapokaa kwenye vitabu vinavyoheshimika. Fungua juzuu yoyote ya The Art of Computer Programming ya Donald Knuth. Katikati. Na huyo ndiye aliyeitengeneza TeX, ambayo LaTeX ya Leslie Lamport imejengwa juu yake. Kama kuna mtu aliyekesha akifikiri mlinganyo ukae wapi, ni yeye.

MHARIRI: Kisa chake hicho ni kizuri, tukiseme vizuri. Juzuu za kwanza za kazi hiyo zilipangwa kwa herufi za risasi, kwa mashine za Monotype. Mwaka 1977, akiwa profesa Stanford kule Marekani, Knuth alipelekewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya picha, akaziona mbaya kiasi kwamba aliweka kitabu kando akaanza kuandika programu ya kupangia chapa. Mwongozo wake, The TeXbook, ulitoka 1984. Alama aliyoichagua ya kufungulia hesabu ni ya dola, kwa utani wa kikazi: wachapaji walikuwa wakitoza zaidi kwa kurasa zenye hesabu. Dola moja, mlinganyo unabaki ndani ya sentensi. Dola mbili, unatoka nje ya aya na kukaa katikati.

MPANGAJI: Katikati. Umesikia, Mwalimu.

MHARIRI: Sijamaliza. Katika mwongozo huohuo, kwenye kiambatisho D alichokijaza hila za mafundi, ameonyesha jinsi ya kuifanya TeX iweke milinganyo kushoto. Na mwaka 1989, yeye pamoja na Ronald Graham na Oren Patashnik walipotoa Concrete Mathematics, milinganyo yake haikukaa katikati. Inaanzia kushoto, imeingia ndani kidogo.

MPANGAJI: Hicho nakijua. Kina maneno ya utani ya wanafunzi pembezoni.

MWALIMU: Kwa sababu kilitoka darasani. Kama changu.

Niingilie kidogo. Kumtaja mkubwa wa fani ili kumaliza ubishi ni mtego katika mambo ya chapa, kwa kuwa wakubwa wenyewe hubadilika. Jan Tschichold, Mjerumani aliyezaliwa Leipzig mwaka 1902, alitoa mwaka 1928 kitabu kilichowaambia wachapaji waache kuweka kila kitu katikati, kwamba ulinganifu wa kulia na kushoto ni pambo lisilojali maana ya maneno. Miaka ya 1940 alipokuwa London akisimamia sura ya vitabu vya Penguin, alikuwa amekwisha kurudi kwenye ule ulinganifu wa zamani na kuutetea kwa bidii ileile. Mwenye kutaka ushahidi wa kushoto ataupata kwake, na mwenye kutaka wa katikati ataupata kwake pia. Kwa hiyo tuwaache wakubwa, twende kwenye ukurasa.

MWALIMU: Ukurasa ndio ninaoujua. Mtoto wa shule ya msingi anapokokotoa anaanzia kwenye mstari mwekundu wa daftari. Hakuna anayepima kwanza katikati ya karatasi ndipo aandike. Anaandika hatua ya kwanza, anashuka, anaweka alama ya sawasawa chini ya alama ya sawasawa. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, na jicho langu lilikuwa likishuka kwenye mstari mmoja kama mtu anayeshuka ngazi. Kosa nililiona kabla sijasoma namba. Sasa kitabu kije kimwonyeshe mtoto huyo hesabu zinazoelea hewani, nyingine pana, nyingine nyembamba, kila moja inaanzia pake?

MPANGAJI: Daftari si kitabu, Mwalimu, kwa heshima. Mlinganyo unapotolewa nje ya aya, umetolewa uonekane. Kinachouonyesha ni weupe ulioko pande zote mbili. Mlinganyo mfupi ukiubandika kushoto, msomaji anaupita akidhani ni mstari wa mwisho wa aya. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni kwa sababu limefanyika vizuri. TeX inapouweka mlinganyo katikati, inaangalia mstari wa mwisho wa aya iliyotangulia umeishia wapi. Kama umeishia kabla ya pale mlinganyo unapoanzia, haiweki nafasi kamili juu ya mlinganyo. Kwa maandishi ya pointi 10, LaTeX huweka kwa kawaida nafasi ya pointi 10 juu. Katika hali hiyo huishusha hadi sifuri, kwa sababu weupe upo tayari. Ukurasa unabaki na mwendo mmoja. Ukihamishia kushoto, neno la mwisho la aya linaangukia juu ya mlinganyo kila mara, kwa hiyo nafasi lazima iwe kamili kila mara. Kitabu kinarefuka, na karatasi inalipiwa.

MHARIRI: Hiyo ya karatasi imenifikia.

MWALIMU: Imekufikia mfukoni, haijafika kichwani.

Kijana yuko sahihi juu ya weupe, na sijawahi kuona mtetezi wa kushoto akilijibu hilo vizuri. Huwa wanaruka. Jibu la kweli ni kwamba hoja yake inahusu mlinganyo mmoja, mfupi, uliosimama peke yake: kanuni ya eneo la duara, tuseme, au tamko la nadharia ambalo msomaji atalirudia baadaye. Hesabu yenye hatua saba ni kitu kingine. Ile haihitaji kuonyeshwa kwa weupe wa pembeni, kwa kuwa urefu wake wa kushuka unatosha kuionyesha. Kinachohitajika pale ni jicho kujua litue wapi kila linaposhuka. Na kitabu cha aljebra cha shule kina hesabu za hatua saba kwa mamia, kanuni za kusimama peke yake zinahesabika.

Kuna mwenzao wa nne aliyeitwa kusoma kurasa za majaribio.

MWANAFUNZI: Samahani, naweza kusema? Mimi vitabu vyangu vingi nasomea kwenye simu. Naifungua PDF, herufi ni ndogo, naikuza mpaka maneno yasomeke. Nikiikuza naona upande wa kushoto wa ukurasa tu. Maneno nasoma. Nikifika kwenye mlinganyo uliokaa katikati, haupo, uko nje ya kioo. Navuta kulia, nausoma, narudisha kushoto, nimeshapoteza mstari.

MPANGAJI: Hilo ni tatizo la simu, si la kitabu.

MWANAFUNZI: Simu ndiyo kitabu changu, kaka.

MPANGAJI: Kwa kurasa za mtandaoni ingekuwa rahisi. MathJax, inayochora hesabu kwenye kivinjari, ina mpangilio mmoja wa kuamua milinganyo yote ikae kushoto au katikati, na mwingine wa kuamua iingie ndani kiasi gani. Lakini PDF imeshagandishwa. Unachokiweka ndicho anachokipata.

MHARIRI: Basi tumefika mahali pa kutenganisha mambo. Nawasikiliza nyote, na naona mnabishania mawili mkidhani ni moja. La kwanza ni fungu zima la hatua lisimame wapi ukurasani: kushoto au katikati. La pili ni hatua zenyewe zilingane wapi, moja na nyingine. Mwalimu anaposema kushoto, nusu ya anachokitaka ni la pili. Hesabu inaweza kukaa katikati ya ukurasa na bado alama zake za sawasawa zikasimama mstari mmoja.

MPANGAJI: Ndivyo align inavyofanya! Ndicho nilichokuwa nikijaribu kusema. Align ni mazingira ya kifurushi cha amsmath, cha Chama cha Hisabati cha Marekani. Unaweka alama ya & mbele ya kila alama ya sawasawa, unamaliza kila mstari, isipokuwa wa mwisho, kwa mikwaju miwili ya kinyume, na programu inazipanga zote zilingane pale penye &. Kisha inalichukua fungu lote na kuliweka katikati.

MHARIRI: Kama shairi. Ukwapi upande huu, utao upande ule, na mahali pa kugawanyikia mshororo pamesimama wima kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo & ndiyo mgawanyo wenyewe. Mchapaji akiuacha utao uanzie popote, mizani inabaki timamu lakini macho yanayumba.

MWALIMU: Sasa nimemwelewa kijana.

Hapa Mwalimu anachukua kalamu. Anaandika hesabu ambayo kila mtu aliyesoma aljebra ameiona, tofauti ya miraba miwili ya mabano:

(x + 3)² − (x − 3)² = (x² + 6x + 9) − (x² − 6x + 9)

na chini yake, sawasawa 12x.

MWALIMU: Tuone hiyo & yako inavyofanya hapa. Upande wa kushoto wa mlinganyo ni mrefu. Alama ya sawasawa imeangukia karibu na katikati ya mstari. Hatua zote zinazofuata zitaning'inia kutoka pale, na nusu ya ukurasa upande wa kushoto inabaki tupu mpaka mwisho wa hesabu. Hesabu ikiwa ndefu, hatua zinagonga pambizo ya kulia huku kushoto kuna uwanja wa mpira.

MPANGAJI: Hapo huwa tunaukata.

MWALIMU: Mnaukata wapi?

MPANGAJI: Upande wa kushoto wa mlinganyo unaachwa peke yake kwenye mstari wa juu. Alama ya sawasawa inaanza mstari wa pili, imeingia ndani kidogo, na zote zinazofuata zinasimama chini yake. Hivi:

(x + 3)² − (x − 3)²
    = (x² + 6x + 9) − (x² − 6x + 9)
    = x² + 6x + 9 − x² + 6x − 9
    = 12x

Kuna amri iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, kwenye kifurushi cha mathtools, inaitwa \MoveEqLeft. Inauvuta mstari wa kwanza kushoto, kwa em 2 (em ni kipimo cha chapa kinachofuata ukubwa wa herufi) usipotaja kiasi kingine.

MWALIMU: Mwanangu, hebu itazame hiyo uliyoandika. Imekaa wapi?

MPANGAJI: Imekaa...

MWALIMU: Kushoto. Umeipanga wewe mwenyewe, na umeipanga kama daftari.

Sitaki kumpa Mwalimu ushindi wa bure, kwa kuwa kijana angeweza kulichukua fungu hilohilo na kuliweka katikati, na lisingeharibika. Lakini ni kweli kwamba mpangilio huu unaelekea kushoto wenyewe. Kinachoanzisha ni mstari wa juu, vinavyofuata vimeingia ndani, na umbo hilo tunalijua kutoka kwenye aya, kwenye orodha, kwenye barua. Ukiliweka katikati, upana wa fungu unaamuliwa na hatua iliyo ndefu kuliko zote, na hatua hiyo inaweza kuwa ya tatu au ya sita. Hesabu mbili zinazofuatana, zenye hatua ndefu tofauti, zitaanzia mahali tofauti. Msomaji hajui kwa nini. Hakuna sababu ya kihisabati. Ni bahati ya urefu wa hatua moja. Hapo ndipo katikati inaponishinda mimi: inaipa hatua ndefu kuliko zote mamlaka ya kuamua mahali pa nyingine zote.

Na si kila mara kulingana ni kwa alama ya sawasawa. Chukua milinganyo miwili ya kutafuta x na y kwa pamoja: 2x + 3y = 12, na chini yake x − y = 1. Ikipangwa kwa alama ya sawasawa tu, x ya pili inaangukia karibu chini ya alama ya kujumlisha, na mtoto anayetaka kuondoa x anatafuta kwa kidole. Inatakiwa x ikae chini ya x, y chini ya y, na 12 na 1 kwenye safu moja. Mazingira ya alignat yanaruhusu & nyingi kwa kazi hiyo. Kompyuta haiwezi kujua kwamba mlinganyo huu unataka safu tatu na ule unataka moja. Anayejua ni mwandishi.

MHARIRI: Kwa hiyo la pili, mahali pa kulingana, ni la Mwalimu, mlinganyo kwa mlinganyo. La kwanza, mahali pa kusimama, ni la kitabu kizima na linaamuliwa mara moja. Sasa niambieni kwa nini mswada una desturi tatu.

MPANGAJI: Nimeshachunguza. Kwenye mstari wa kwanza wa faili la sura mbili za kwanza kuna neno fleqn.

MWALIMU: Hilo aliweka mpwa wangu.

MPANGAJI: Aliweka vizuri. Ni neno moja, na linahamishia kushoto milinganyo yote ya kitabu. Umbali wa kuingia ndani unashikwa na kipimo kiitwacho \mathindent, ambacho usipokigusa ni sawa na mwingio wa orodha ya kwanza, em 2.5 kwenye ukurasa wa safu moja. Ndiyo maana sura ya pili, iliyoandikwa kwa align, imekaa kushoto bila mtu kuhangaika. Sura ya kwanza imeandikwa kwa dola mbili. Dola mbili ni za TeX yenyewe, ya chini kabisa, na haziisikii fleqn. Zinabaki katikati hata ufanye nini.

MHARIRI: Na sura ya tatu?

MPANGAJI: Flalign. Faili lake ni la peke yake, halina fleqn; mtu ametafuta jinsi ya kupeleka mlinganyo mmoja kushoto, akaipata hiyo, akaitumia kote. Flalign inasukuma safu zake hadi kingo mbili za maandishi; ukiiongezea && mwishoni, safu ya kulia inakuwa tupu na mlinganyo unabaki kushoto, umebana ukingoni bila kuingia ndani. Kwa mlinganyo mmoja usio wa kawaida inasaidia. Kwa sura nzima ni mateso, kwa kuwa siku utakapobadili mawazo utabadili mahali mia.

MWALIMU: Na zile nafasi tupu ni zangu. Nilikuwa nabonyeza mpaka zilingane.

MPANGAJI: Zitakapobadilika herufi au upana wa ukurasa, zitahama. Nazifuta zote.

Kijana ana hasira moja aliyoibakiza, na nitamwachia aitoe kwa kifupi, kwa sababu anayo haki. Katika sura za mwisho amekuta eqnarray, mazingira ya zamani ya LaTeX. Yanapanga hatua kwenye safu tatu kama jedwali, na kila upande wa alama ya sawasawa yanaacha pointi 10. Nafasi ya kawaida ya alama hiyo kwa maandishi ya pointi 10 haifiki pointi 3. Matokeo yake, sawasawa iliyo ndani ya aya imebanana na jirani zake, na sawasawa iliyo nje imetengwa nao. Msomaji hatasema kitu, ila ataona kitabu kimepangwa na watu wawili wasiojuana.

MHARIRI: Bado namba. Milinganyo mingi ina namba, na maandishi yanaitaja: tazama mlinganyo wa 4.

MPANGAJI: Hapo kushoto kunaumia, Mwalimu, nikubalie. Tuseme maandishi yana upana wa sentimita 12 na mlinganyo una sentimita 3. Ukiwa katikati, namba iliyoko ukingo wa kulia iko sentimita 4.5 kutoka mwisho wa mlinganyo, ukiacha upana wa namba yenyewe. Ukiwa kushoto, hata ukiingia ndani sentimita moja, zinabaki 8. Jicho linasafiri peke yake jangwani.

MWALIMU: Basi namba iletwe kushoto.

MPANGAJI: Kuna neno leqno la kufanya hivyo, na karatasi za Chama cha Hisabati cha Marekani huweka namba kushoto. Lakini kwao mlinganyo uko katikati, kwa hiyo namba ina nafasi yake. Kwetu mlinganyo na namba vitagombania ukingo mmoja. Itabidi mlinganyo uingie ndani zaidi, upishe mabano na tarakimu tatu, na wakati huohuo milinganyo isiyo na namba nayo iingie vilevile, au safu itavunjika.

MWALIMU: Nani alikwambia kila mlinganyo upewe namba? Hatua za katikati hazitajwi popote. Namba nitaipa ile nitakayoirudia.

MPANGAJI: Hilo likifanyika, namba ziachwe kulia. Zikiwa chache, safari ya jicho haichoshi.

Nakubaliana nao wote wawili. Majarida ya fizikia ya IOP ya Uingereza yameweka milinganyo kushoto, namba kulia, kwa miaka mingi, na wanafizikia hawakupotea njia.

MWANAFUNZI: Na wanaoandika kutoka kulia? Bibi yangu ana mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwake kushoto ndiko mwisho.

MHARIRI: Swali zuri kuliko lilivyokusudiwa. Vitabu vya hesabu vya Misri, vinavyotumia herufi za Kiarabu hata kwa x na y, mlinganyo wake huanzia kulia na kwenda kushoto. Morocco, ndani ya maandishi ya Kiarabu, mlinganyo umezoeleka kuandikwa kwa herufi za Kilatini kutoka kushoto. Mpangaji wa Misri akitaka kitabu cha aina ya Mwalimu, ataipeleka hesabu kulia.

MWALIMU: Kwa hiyo nilichokuwa nikikitaka ni mahali mstari unapoanzia.

MHARIRI: Na kwenye kitabu hiki unaanzia kushoto. Tumalize. Fleqn inabaki, kwa sura zote. Dola mbili zote zibadilishwe, flalign na eqnarray ziondoke, align ichukue nafasi yake. Kuingia ndani?

MWALIMU: Sifuri. Kwenye mstari mwekundu.

MPANGAJI: Sifuri itachanganyika na aya, nimeshasema. Em 2.5 kama ilivyo.

MHARIRI: Sawa na mwingio wa aya. Aya inaingia kiasi fulani, mlinganyo uingie kiasi hichohicho. Macho yatakuwa na mahali pawili pa kukumbuka badala ya patatu.

MPANGAJI: Hiyo naweza. Lakini sura ya saba kuna hesabu moja yenye hatua kumi na nne na sehemu juu ya sehemu. Inaanza chini ya nusu ya ukurasa. Align haikubali kukatwa kati ya kurasa mbili. Itaibeba yote hadi ukurasa unaofuata na kuacha shimo.

MWALIMU: Isikatwe.

MPANGAJI: Basi shimo.

MWALIMU: Ni kubwa kiasi gani?

MPANGAJI: Theluthi ya ukurasa. Au niweke \allowdisplaybreaks, programu itaikata inapopaona panafaa.

MWALIMU: Programu haijui panapofaa. Hatua ya nane ndipo ninapogawa pande zote kwa x, na hapo lazima niseme x si sifuri. Weka maneno hayo pale, kwa ile amri ya kupenyeza maneno katikati ya align bila kuharibu mlingano.

MPANGAJI: \intertext.

MWALIMU: Hiyo. Ukurasa ukatikie juu ya maneno hayo. Mtoto akigeuza karatasi, kitu cha kwanza akione ni kwamba x si sifuri.